Kahawa ya kugandishwa kwenye kapsuli: kuna mwenye uzoefu nayo?

Kinu_cha_Alfajiri:
Habari zenu wanajamvi. Naomba mawazo. Kahawa nasaga mwenyewe, napika kwa chujio la karatasi, mizani ninayo. Shida ni mtoto mchanga. Mashine ya kusaga ikianza kuunguruma alfajiri nyumba nzima iko macho, na mke wangu ameshasema nichague moja kati ya mashine na amani. Ya mkono ninayo pia, lakini kahawa iliyokaangwa kidogo ni ngumu kama kokoto, natoka jasho kabla sijaoga.

Sasa nimesoma habari za Cometeer, ile kampuni changa ya Gloucester, Massachusetts, huko Marekani. Wanapika kahawa nzito, wanaigandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, inakufikia kwenye vikapsuli vya alumini ndani ya boksi la barafu kavu (gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa). Wewe unayeyusha na kumimina maji ya moto, basi. Hii ina tofauti gani hasa na kahawa ya papo hapo? Na kwa nini nisifanye hivyo hivyo kwa trei ya barafu nikabaki na hela yangu?

Mkaangaji_Mstaafu:
Mkuu, pole, ila shemeji ana hoja.

Nimekaanga na kuonja kahawa kwa kazi, na hizi za kugandishwa nimezinywa. Anza na papo hapo. Pale kahawa inapikwa kisha maji yote yanaondolewa: ama inanyunyizwa kwenye hewa ya moto ikauke, ama inagandishwa halafu barafu inavutwa kama mvuke bila kuyeyuka. Maji hayaondoki peke yake, yanaondoka na sehemu ya harufu. Tena kiwandani buni hukamuliwa kwa maji ya moto sana yenye shinikizo ili itoke kila kinachoweza kutoka, kwa hiyo uchungu unakuja pia.

Hii ya kapsuli haikaushwi. Wanasema wanaipika kwa ukali wa mara 10 hivi. Piga hesabu: kikombe cha chujio kilichopikwa vizuri kina kahawa iliyoyeyuka ya asilimia 1.15 hadi 1.35 tu, kilichobaki ni maji. Hata ukizidisha mara 10, ndani ya kapsuli bado sehemu kubwa ni maji. Ni kahawa iliyopikwa, ikasimamishwa palepale ilipofika. Adui wa kahawa iliyokwisha kupikwa ni hewa na muda. Onja iliyoshinda kwenye chupa tangu asubuhi, utakuta uchachu mkavu unaobana ulimi. Naitrojeni ya kimiminika ina nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa hiyo mabadiliko hayo hayapewi nafasi.

Kwenye kikombe ikoje? Unaichovya kapsuli kwenye maji ya moto kidogo, unabonyeza kitako, linadondoka bonge jeusi linalong'aa. Ukimimina maji kingo zinalainika, michirizi ya kahawia inashuka hadi chini, na hapo ndipo harufu inapanda. Niliyokunywa ilikuwa ya Ethiopia iliyooshwa (buni iliyoondolewa nyama ya tunda kwa maji kabla ya kukaushwa): maua yapo, ndimu ipo, nyepesi mdomoni, safi. Ningepewa bila kuambiwa ningedhani imepikwa muda huo na mtu anayejua kazi. Nilichokosa ni ile harufu ya unga unaposagwa, na kwangu hiyo ni nusu ya raha.

Kwa hiyo unachonunua hapo ni mkono wa mpishi. Mtu asiye na mizani wala subira atapata kahawa bora kuliko yote aliyowahi kupika. Wewe unayejua kupika unapata ukimya tu. Na maji yako angalia, maana ndiyo yanayojaza kikombe. Yakinuka klorini, kapsuli haitakuokoa.

(Gloucester napo si sadfa. Ni mji wa wavuvi, na hapohapo miaka ya 1920 Clarence Birdseye aliendeleza ugandishaji wa haraka wa samaki. Na George Howell, mmoja wa wakaangaji ambao kahawa yao imetumiwa na Cometeer, alikuwa akigandisha buni mbichi isichakae tangu zamani.)

DadaEspreso:
Kuhusu trei, inategemea unapika nini. Kahawa ya chujio ukiigandisha unapata barafu ya kahawa: ukiiongezea maji ya moto imekuwa maji ya kuoshea kikombe. Espreso, ile inayokamuliwa kwa mashine yenye shinikizo, ni kali mara 7 au 8 ya chujio, hiyo angalau inavumilia kuongezwa maji. Mimi huigandisha na kuitumia kwenye maziwa. Lakini friza ya nyumbani ni nyuzi 18 chini ya sifuri, inaganda taratibu, na trei iko wazi. Ikikaa na samaki, utakunywa samaki.

Mzee_wa_Hesabu:
Mimi sibishani na ladha, nabishana na boksi. Barafu kavu ina nyuzi 78 chini ya sifuri, na inapotea yenyewe ikigeuka gesi. Mzigo ukichelewa, umepokea supu. Buni iliyokaangwa ingekaa mlangoni siku nzima isipate neno. Mwaka 2021 Cometeer walipata mamilioni ya dola kwa wawekezaji, na kapsuli moja ilikuwa karibu dola 2. Kwenye hela hiyo unalipia baridi kutoka kiwandani hadi friza yako. Na likifika salama, barafu kavu usiishike kwa mkono mtupu, wala usiifungie kwenye chumba kidogo kisicho na hewa.

Kinu_cha_Alfajiri:
Nawashukuru. Mkaangaji, kama ninachopata ni ukimya tu, hakuna njia ya kuupata bila kapsuli?

Mkaangaji_Mstaafu:
Ipo. Saga usiku mtoto akiwa bado macho, kipimo cha kikombe kimoja. Tia kwenye kichupa kidogo kijae hadi juu hewa isibaki, funga, weka friza. Asubuhi usingoje baridi iishe, mimina kwenye chujio moja kwa moja na maji ya moto juu yake. Utapoteza harufu kidogo, si ya kulilia. Ila usifungue kichupa kikubwa ukachota kisha ukakirudisha, unyevu utaingia na unga utaharibika.

Kapsuli weka chache kwa siku ambazo hata kusaga usiku kumekushinda. Na mtoto mchanga, hizo siku zitakuwepo.

DadaEspreso:
Kichupa kiwe cha glasi. Plastiki inashika harufu.