Mkataba wa Kilwa wa 1776: uandikwe kwenye kibao cha magofu au usiandikwe?

Mleta mada, Lindi Mjini

Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba. Habari za Kilwa Kisiwani zinazosimuliwa sana ni jumba la Husuni Kubwa, Msikiti Mkuu na safari ya msafiri Ibn Battuta ya 1331. Karne ya 18 inarukwa. Humo ndimo ilimo hati nzito: tarehe 14 Septemba 1776 Sultani Hasan bin Ibrahim alikubaliana na mfanyabiashara wa Kifaransa, Jean-Vincent Morice, kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta (sarafu ya wakati ule) 20 kila mmoja, na juu yake zawadi ya piasta 2 kwa sultani kwa kila mtu. Muda ni miaka 100. Morice akaruhusiwa kuweka mizinga na bendera yake ngomeni. Soko lilikuwa mashamba ya Île de France, yaani Mauritius ya leo, na Bourbon, yaani Réunion.

Wapo wanaosema kuyaweka hayo kwenye kibao ni kuwavunjia heshima wazee wa Kilwa. Mimi nasema yawekwe. Waliochukuliwa nao walikuwa na wazee wao.

Mkazi wa Kivinje

Napinga, mkuu, na si kwa ajili ya kumsitiri mtu. Hati hiyo imetufikia ndani ya makaratasi ya Morice mwenyewe, na Morice alikuwa anaishawishi serikali ya Ufaransa ikubali mpango wake wa kituo cha biashara pwani hii. Anayetafuta mtaji hupamba. Watalii watasoma "1,000 kila mwaka" na kuondoka wakiamini hao ndio waliopakiwa. Ile ni ahadi, si hesabu ya shehena. Anayetaka kujua waliosafirishwa azitafute meli moja moja: jina la meli, nahodha, tarehe ya kung'oa nanga, idadi waliopanda na idadi walioshuka hai. Idadi mbili za mwisho mara nyingi hazilingani, na tofauti yake ni maiti.

Msoma nyaraka, Mtwara

Ndugu yangu wa Kivinje yuko sahihi kuhusu ahadi, ila hati ya upande mmoja haitupwi. Inasomwa kwa kuulizwa nani alipata nini. Tupige hesabu. Watu 1,000 kwa piasta 22 ni piasta 22,000 kwa mwaka. Kama ni sarafu ya fedha ya Kihispania ya wakati ule, yenye uzito wa gramu 27 hivi, hapo pana kilo 594 za sarafu. Lakini fungu linalotajwa wazi kuwa la sultani ni zawadi tu, piasta 2,000, chini ya sehemu moja ya kumi. Kwa nini basi, kama mkataba unavyosema, amfungie milango Mwingereza, Mholanzi na Mreno mpaka Morice atosheke, kwa miaka 100?

Jibu limo katika kifungu ambacho wengi hukiruka: atakayeshambulia upande mmoja atapigwa na pande zote mbili. Kilwa ilikuwa imejitoa mikononi mwa Oman, na ilijua Oman itarudi. Ikarudi kweli miaka ya 1780. Sultani alikuwa ananunua mizinga, na alilipa kwa watu waliotekwa bara. Hilo halimtakasi. Linaeleza biashara ilivyofungamana na vita, na kibao kisicholisema kitakuwa kimesema nusu.

Jambo la pili: tusiifanye Kilwa bubu. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu zimehifadhiwa Goa, India, na ni kati ya maandishi ya Kiswahili ya zamani zaidi yanayojulikana. Ziwekwe kando ya mkataba. Na anayelinganisha barua zenye tarehe za Hijria na mkataba awe mwangalifu: mwaka 1190 Hijria ulianza Februari 1776 ukaisha Februari 1777. Barua yenye mwaka tu, bila mwezi, usiipe 1776 kwa kukisia.

Mchangiaji, Mikindani

Si wanasema jumba la Makutani lilijengwa kwa fedha hizohizo? Basi ushahidi si tunao pale pale?

Mchimba magofu, Kilwa Masoko

Hapana. Sehemu kubwa ya Makutani ni ya karne ya 18, lakini kutoka hapo hadi kusema "fedha za Morice" ni mbali. Kipimo cha kaboni, kinachokisia umri wa mkaa au mti kwa kaboni iliyobaki ndani yake, hakiwezi kutenga 1760 na 1780. Kwa mkaa wa baada ya 1650 hivi mchoro wa kugeuza kipimo kuwa miaka ya kalenda unapanda na kushuka, kwa hiyo sampuli moja inaweza kuleta vipindi viwili au vitatu, vingine vikiangukia karne ya 20.

Makosa mengine ni yetu wachimbaji. Boriti ya mkoko huchomolewa nyumba ya zamani ikatiwa mpya, hivyo inatoa umri wa mti, si wa ukuta. Gamba la pwani hutoa umri uliozidi kwa karne kadhaa, kwa sababu bahari ina kaboni kuukuu. Chokaa nayo hutokana na matumbawe. Chembe ambayo tanuru haikuiva vizuri inaufanya ukuta uonekane mkongwe kuliko ulivyo. Chukua kijiti chembamba cha mkaa kilichonaswa ndani ya chokaa, kisha tazama vigae vya kaure vilivyo chini ya sakafu. Kigae kipya kuliko vyote ndicho kinachotawala: sakafu haiwezi kuwa ya kabla yake.

Mleta mada, Lindi Mjini

Nimekubali kuhusu Makutani. Napendekeza maneno haya: "Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alimwahidi Mfaransa Morice watu 1,000 kila mwaka, kwa mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Kilwa nayo ilitaka mizinga dhidi ya Oman."

Mkazi wa Kivinje

Ongeza kwamba hati imetoka kwa Morice, na kwamba watu hao walitolewa bara, kwenye njia za misafara zilizofika hadi Ziwa Nyasa. Hapo sina pingamizi.