Naomba ushauri: doa la kahawia nyuma ya shingo ya gitaa

Ndugu mafundi na wapiga magitaa, habari zenu. Gitaa langu lenye vanishi ya nitroselulosi lilikaa muda mrefu kwenye stendi yenye mpira, nayo vanishi hiyo, kama mjuavyo, haipatani na mpira. Sasa nyuma ya shingo, karibu na kichwa, pana doa la kahawia linalonata kidogo, ambalo kidole gumba hulikuta kila nikirudi freti (vile vyuma vya kukingama shingoni) za mwanzo. Nimelifuta kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha kwa mafuta ya kujazia kiberiti: uchafu umetoka, rangi imebaki. Asetoni sijaigusa, kwa kuwa huyeyusha vanishi yenyewe.

Je, msasa wa maji namba 2000 na polishi vinaweza kuliondoa bila kufikia mbao, au ni lazima sehemu hiyo ikwanguliwe na kupigwa vanishi upya?