Hekalu la Ezekieli: linakuja kujengwa au ni maono tu?

Mlokole_Mpole: Wakuu, kwenye Biblia, kitabu cha nabii Ezekieli sura ya 40 mpaka 48, kuna hekalu aliloonyeshwa kwenye maono, limepimwa ukuta kwa ukuta, malango, vyumba vya walinzi, mpaka meza ya mbao. Halijawahi kujengwa. Mimi nasema linakuja, Mungu hawezi kutoa vipimo vyote hivyo halafu aseme nilikuwa natania.

Kazibure: Acha hizo mkuu. Sura ya 42 kwa Kiebrania ni mianzi 500 kila upande, na mwanzi mmoja ni dhiraa 6 (dhiraa ni toka kiwiko mpaka ncha ya vidole), zile ndefu za kuongezwa upana wa kiganja. Piga hesabu, ni kama kilomita moja na nusu kila upande, pale mlimani Yerusalemu haliingii hata uchungulie. Halafu nyumba yenyewe haina urefu wa kwenda juu! Hata banda la kuku hulijengi kwa ramani hiyo.

Binti_Sayuni: Tafsiri ya Kigiriki ya zamani inasoma dhiraa 500 siyo mianzi, na hapo linaingia vizuri tu. Na ukuta wa nje una urefu, mwanzi mmoja juu na mmoja unene. Soma 40:5 kabla ya kucheka.

Fundi_Saiti: Nani kasema banda la kuku?? Mimi nimeshapewa ramani ya upande mmoja tu, ya kwenda juu bosi anasema akifika saiti, na nyumba zimesimama mpaka leo. Dharau kwa mafundi mnaipenda sana.

Kazibure: Zimesimama au zimeegemea? 😂

Fundi_Saiti: Njoo uangalie basi na mkeo mkihitaji choo msinipigie.

Mama_Kanisa: Jamani rudini kwenye mada. Kinachonisumbua ni sadaka za dhambi sura ya 43 na 45, ng'ombe dume wanachinjwa humo. Waebrania 10 inasema Yesu alitoa moja tu, imetosha. Sasa hao ng'ombe wa nini?

Mlokole_Mpole: Za ukumbusho mama, kama sisi tunavyokula meza ya Bwana.

Mama_Kanisa: 45:15 inasema za upatanisho, siyo ukumbusho. Usiniongezee maneno.

Mlokole_Mpole: Kumbe na wewe ni wale wa "kila kitu ni mfano". Hata mto wa sura ya 47 unaotoka chini ya kizingiti cha hekalu ukaponya Bahari ya Chumvi ni mfano?

Kazibure: Fundi, ule mto ungeupitishia bomba la inchi ngapi?

Fundi_Saiti: Dhiraa 1000 za kwanza unafika kwenye vifundo vya miguu, mara ya nne haupitiki ila kwa kuogelea, na hauna kijito hata kimoja kinachouongezea. Bomba hapo hamna. Na bado nadai kuombwa msamaha.