Kitanda cha fundi, cha kontena au kapu la ukindu? Napamba chumba cha mtoto, nipeni akili

Ummu Bado
Asalaam alaykum nyote. Mimba yangu ya kwanza, natarajia mwezi wa nne inshaallah. Tumepanga vyumba viwili Mwanakwerekwe. Chumba cha pili ndiyo stoo, ndiyo cha wageni, ndiyo gereji ya baiskeli ya mume wangu, na ndicho nilichokiazimia kiwe cha mtoto. Nina laki tatu na nusu kwa kila kitu, kuanzia kitanda mpaka pazia. Sitaki maplastiki mapya. Nataka vitu vya mkono na vya mtumba, vyenye sura ya kwetu.

Kitanda ndicho kinachonikosesha usingizi. Fundi mmoja wa Fuoni kanitajia 230,000 kwa kitanda cha mfenesi, godoro juu yangu. Kuna kitanda cheupe cha used kimeshuka na kontena kutoka Uingereza, 120,000 na godoro lake, kizuri kweli, upande mmoja unashuka ili usiiname. Na mama yangu, yuko Wete, Pemba, ananambia niache wazimu, yeye atanisukia kapu la ukindu la kumlaza mtoto, mie nitume hela ya chane, yale majani yaliyochanwa ya kusukia, na nauli ya mzigo tu.

Mapambo nishaanza. Nina kanga ya kutundika ukutani, kawa tatu za rangi, kasha la marehemu bibi kwa nguo za mtoto, na nimekusanya simbi nizitunge kwenye uzi zining'inie juu ya kitanda. Semeni.

Baba Pacha
Hicho cha upande unaoshuka kiache hapo hapo kilipo. Mie nilinunua kama hicho kwa wanangu. Skrubu mbili hazikuwepo, muuzaji akaniambia piga msumari, nikapiga. Miezi minane ikapita salama. Siku moja wote wawili wamesimama wameshika ule upande wanacheka, ukachomoka chini, mmoja mguu ukanasa kati ya fito na godoro. Hakuvunjika, alhamdulillah, ila kilio kile mpaka leo nakisikia. Baadaye ndiyo nasoma kwamba Marekani wamepiga marufuku kuuza vitanda vya namna hiyo tangu 2011, kwa sababu watoto wamefia humo.

Mama Robota
Nauza mtumba mwaka wa kumi na moja huu, basi nijitetee kidogo. Si kila kitanda cha kontena kibaya. Vile visivyoshuka, vya pande nne zilizosimama, vingine vigumu kuliko vya mafundi wetu. Kitikise kwa mikono miwili. Kikilia, tafuta kinapolia. Hesabu matundu ya skrubu, kisha hesabu skrubu. Ukiambiwa "msumari unatosha", rudisha mkono na pochi yako. Cha upande unaoshuka mie nikikipata nakiuza mbao, mtu atengeneze rafu ya viatu.

Ila shoga, mtumba wa kweli haupo kwenye kitanda, upo kwenye vitambaa. Njoo siku tunafungua robota la mashuka, asubuhi, kabla wenye maduka hawajachambua. Shuka la pamba la kitanda kikubwa, limefuliwa mara mia huko lilikotoka, ni laini kama uji. Linakatika mashuka manne ya kitanda cha mtoto na masalia ya kumfutia mtoto akicheua. Mapazia mazito ya kuzuia jua nayo yanapatikana, na hicho chumba chako cha Mwanakwerekwe kama kinaangalia magharibi utayahitaji kuliko hizo kawa.

Fundi Randa
Si mie niliyetajwa, lakini nami seremala. 230,000 kwa mfenesi si ghali, kama mbao imekauka. Hapo ndipo pa kumbana. Mfenesi mbichi unauona njano inang'aa na mzito mkononi. Ukifanyiwa kitanda nao ukaingia nao masika, fito zinatanuka, kaskazi ikija zinasinyaa na kuanza kucheza kwenye matundu yake. Muulize aliupasua lini. Mbao ya mfenesi iliyokaa inaanza kuelekea rangi ya asali, na miaka ikienda inakuwa kahawia. Ndiyo ile unayoiona kwenye milango mingi ya Mji Mkongwe, ingawa huko utakuta na msaji na mvule.

La pili, na hili wengi hawalijui: kataa mbao za dawa. Zile za paini zenye rangi ya kijani zinazouzwa kwa ajili ya kuezekea. Fundi akibakisha vipande anaweza kukufanyia fito au chaga kwa bei ya kutupa. Ile dawa imewekwa iue mchwa, na mtoto akiota meno kitu cha kwanza anachotafuna ni ukingo wa kitanda chake.

La tatu, chukua kopo la soda, lile nene la kawaida si lile jembamba. Lisipite kati ya fito na fito. Likipita, kiwiliwili cha mtoto kitapita na kichwa kitabaki.

Ummu Bado
Subhanallah, fundi, hiyo sentensi ya mwisho ungenipa polepole.

Nesi Mstaafu
Mwanangu Ummu, hongera. Nimezalisha miaka mingi, nikuambie kwa mapenzi: hicho chumba mtoto hatakilala. Kwanza arubaini yote utakuwa kwa mama yako, au nimekosea? Pili, hata ukirudi, tunashauri mtoto alale chumba kimoja na mama yake, kwenye kitanda chake mwenyewe, miezi sita ya mwanzo. Kwa hiyo unachokipamba si chumba, ni pembe ya chumba chenu. Baiskeli ya baba iache ilipo.

Juu ya kitanda chochote utakachochagua: godoro gumu, tambarare, lienee pembe zote, vidole viwili visipenye pembeni. Mtoto alazwe chali. Hakuna mto, hakuna vile vitambaa vya kuzungushia fito, hakuna mwanasesere. Bibi zako watakuletea kigodoro cha sufi na kimto cha sufi. Pokea, shukuru, weka kwenye kiti chako cha kunyonyeshea. Sufi inazama, na uso wa mtoto unazama nayo. Chandarua ndiyo, tena kinyooshwe vizuri kisimlalie. Zile simbi zako, uzi ukikatika kila moja ni saizi ya koo la mtoto. Zitundike dirishani kwa mbali au umpe wifi yako.

Sasa kasha la bibi. Nguo zilizomo ziliwekwa na vile vidonge vyeupe vya kabatini vinavyonuka kali?

Ummu Bado
Arubaini nitakuwa Wete, kweli, na huko huko nitajifungua. Kuhusu kasha, ndiyo, lina harufu hiyo mpaka ukifungua unapiga chafya. Bibi alikuwa akiwaogopa mende kuliko majini.

Nesi Mstaafu
Basi hapo nisikilize. Vile ni nafthalini. Huku pwani watoto wengi, wa kiume hasa, wanazaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, na wala hujui mpaka yatokee. Mtoto kama huyo akivishwa nguo au akafunikwa blanketi lililokaa na nafthalini, damu yake inaweza kuvunjika, akawa manjano kiasi cha kuhatarisha ubongo. Nimewaona. Vitoe vyote. Kasha lioshe, lianike jua kali siku kadhaa, na kila nguo ifuliwe na kuanikwa. Ikiwa harufu inabaki kwenye mbao, kasha lisiwe la mtoto. Ukitaka kitu cha kufukuza wadudu, funga karafuu kavu kwenye kitambaa. Unakwenda Pemba kwenye karafuu zenyewe, sikufundishi.

Mjukuu wa Samadari
Na mfuniko wa kasha usiusahau. Yale makasha ya njumu mfuniko wake ni mzito kama deni. Wangu uliniangukia vidole nikiwa na miaka mitatu, kucha mbili zikaondoka. Mwambie seremala atie kizuizi au autoe kabisa mpaka mtoto awe na akili.

Nije kwenye kanga, maana wote mnazungumzia vifo. Ummu, umesoma jina lake? Mana'ke kanga ya ukutani inasomwa na kila anayeingia kumuangalia mtoto. Dada yangu alitundika moja kwa kupenda rangi tu, imeandikwa "Mwenye wivu ajinyonge". Wifi yake akaja na mchele na sukari, akasoma, akaweka vitu chini, akaaga. Suluhu ilichukua mwezi.

Ummu Bado
Hahaha! Yangu ni "Wema hauozi". Nadhani nimesalimika.

Mama Robota
Inategemea wifi.

Binti Konde
Niwasemee wasusi wa Pemba, maana naona kapu limepitwa kama mwomba lifti. Kapu la ukindu ndilo litakalokufaa mwanzo kuliko vitanda vyote hivyo, hasa kwa kuwa utajifungulia Wete. Kitanda cha fundi utakivusha na boti kisha ukirudishe baada ya siku arubaini? Kapu utalibeba mapajani.

Lakini lisukwe kwa kazi hiyo, lisiwe kapu la sokoni lililopewa cheo. Mwambie mama afanye hivi. Kitako kiwe bapa, kipana, kimeshonwa ukili, ule mshipi uliosukwa, juu ya ukili mara mbili. Mbavu zisimame zisilale ndani. Vishikio vianzie chini ya kitako vizunguke, visishonwe kwenye mdomo tu. Hata hivyo usilibebe mtoto akiwa ndani, wala usiliweke juu ya meza. Chini, juu ya mkeka. Na ndani ukindu uwe mweupe, usiotiwa rangi. Ile rangi yetu ya unga tunayochemshia chane inapendeza, lakini ikikutana na mate na jasho inatoka. Rangi iwekwe ukanda mmoja nje.

Shida yenyewe ni mwezi wa nne. Hiyo ni masika tupu. Ukindu unavuta unyevu, ndani ya siku chache unaota koga ya kijivu, na koga hiyo hutaki karibu na kifua cha mtoto mchanga. Jua likitoka hata saa moja, kapu nje, limegeuzwa kitako juu. Usilifute kwa kitambaa kibichi. Usiliweke sakafuni usiku wa mvua bila kitu chini. Lisukwe sasa hivi wakati wa kaskazi, likauke sawasawa. Ukisubiri mwezi wa tatu umechelewa.

Na likome mtoto akianza kujigeuza au kujiinua kwa mikono. Wengine miezi minne, wengine kabla.

Baba Pacha
Kwa hiyo laki mbili na thelathini anamkopesha fundi ya nini, kama kapu linatosha?

Binti Konde
Kwa miezi minne tu yakhe. Baada ya hapo mtoto anakwenda wapi, kwenye baiskeli?

Fundi Randa
Nilitaka kusema hilo hilo. Tena akiagiza sasa na kukichukua mwezi wa sita kusi likianza, nina miezi ya kuikausha mbao vizuri na vanishi itakuwa imeacha kunuka. Mama mjamzito asikae na vanishi mbichi. Wala asipige msasa kitu cha zamani chenye rangi. Rangi za zamani nyingine zina risasi, na vumbi lake ndilo baya.

Mjukuu wa Samadari
"Nina miezi"? Si ulisema si wewe uliyetajwa?

Fundi Randa
Biashara haina aibu.

Ummu Bado
Nimekaa na mume wangu jana usiku tukasoma yote. Amefurahi kuliko mie, kwa sababu ya baiskeli.

Tumekata shauri hivi. Mama keshaambiwa, chane anazitafuta wiki hii, na nimemtumia maneno ya Binti Konde neno kwa neno. Amejibu "huyo mtoto wa nani, anajua kazi". Godoro la kapu sitalinunua, nitakwenda na kipimo kwa wakata sponji baada ya kapu kukamilika, wanikatie lile gumu. Kitanda cha kontena nimekiaga. Cha mfenesi nitaweka oda kwa mwezi wa sita, sijui kwa fundi yupi bado, nitaona mbao kwanza. Kawa zitabaki upande wa pili wa chumba, mbali na anapolala. Mama Robota, robota linafunguliwa lini?

Kasha limenishinda. Nimelianika siku mbili, bado linanuka bibi.

Nesi Mstaafu
Siku mbili hazitoshi. Lianike zaidi. Na zile nguo ulizotoa humo, ulizifua pamoja na za mtoto?

Ummu Bado
…Nazirudia leo.

Mama Robota
Jumatano, saa moja asubuhi. Ukija saa tatu utakuta foronya.

Fundi Randa
Na ukija kuangalia mbao, njoo na kopo. Lile nene.