Bango la mgombea udiwani: uso uwe mkubwa, au nembo ya chama?

Msanifu
Ninasanifu mabango ya mgombea udiwani, na kamati yake ya kampeni imegawanyika. Wengine wanataka uso wake ujaze karatasi. Wengine wanashikilia mafiga matatu, yaani rais, mbunge na diwani wakae pamoja chini ya nembo ya chama. Kipi humshawishi zaidi mpiga kura?

Mwalimu wa Uraia
Anzeni na kile ambacho mpiga kura atakiona kwenye karatasi ya kura, kwa sababu kazi ya bango ni kulizoesha jicho. Katika uchaguzi wa Tanzania wa 1965, wagombea wawili wa TANU, chama pekee cha Bara wakati huo, walioshindana jimboni waligawiwa alama, mmoja jembe na mwenzake nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Alama zilikusudiwa zisimpendelee yeyote, lakini katika nchi ya wakulima mwenye jembe alikuwa amekwisha kupewa hotuba. Kenya nayo, katika kura ya maoni ya katiba ya 2005, iliweka ndizi kwa Ndiyo na chungwa kwa Hapana. Chungwa likashinda, kisha likazaa jina la chama cha ODM (Orange Democratic Movement, "orange" ikiwa ni chungwa). Mimi ningeipa nembo nafasi kubwa.

Mchapaji
Kwa heshima, Mwalimu, mifano yako inahusu alama iliyomtenganisha mtu na mpinzani wake, ilhali nembo ya chama haimtofautishi diwani huyu na wa kata jirani. Mafiga matatu humfaa mgombea asiyejulikana, kwani humwazima umaarufu wa mgombea urais. Anayejulikana humpunguza akawa picha ya tatu pembeni. Maneno nayo yawe machache: "Hapa Kazi Tu", kaulimbiu ya Magufuli ya 2015, ilisomeka hata na abiria aliyekuwa ndani ya daladala inayokwenda. Zaidi ya yote, picha ifanane na ile ya karatasi ya kura, wala msiilainishe ngozi mpaka majirani zake wamshangae.

Msanifu
Wetu ni mwalimu mstaafu, na sehemu kubwa ya kata imepita darasani kwake. Basi uso utatawala, nembo ikae juu kulia, ikiwa kubwa kiasi cha kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Je, jina liandikwe kwa rangi nyekundu?

Mchapaji
Hapana. Nyekundu huwahi kupauka juani, na kampeni ni ndefu. Tumieni nyeusi juu ya njano, kisha mchapishe nakala moja na kuibandika ukutani kabla ya kuagiza zote.