Hadi lini wahariri wa Spider-Man wataendelea kufuta walichokiandika wenyewe?

Wenzangu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Wiki hii nimemaliza kusoma upya matoleo yangu yote ya vitabu vya katuni vya Spider-Man, yale niliyoyakusanya mojamoja kwa miaka kumi na mitano kutoka kwa wauza vitabu vya mitumba wa hapa Nairobi, wale wanaotandaza bidhaa zao chini kando ya barabara ya Tom Mboya hadi mnunuzi analazimika kuinama. Wahalifu wakiwa wengi kupita kiasi naweza kuvumilia, na michoro ikidorora kwa mwaka mmodi au miwili nasubiri. Nisichoweza kuvumilia ni mtindo wa kuwafanya wahusika waamue mambo mazito, kututoza machozi na pesa kwa ajili ya uamuzi huo, kisha kuufuta kana kwamba haukuwahi kufanyika.

Mfululizo huu una wajibu mkubwa kuliko mingine katika jambo hili, kwa sababu ya namna ulivyoanza. Mnamo Agosti 1962, katika kurasa 11 tu, Stan Lee na Steve Ditko walituonyesha kijana, Peter Parker, ambaye kwa siri ndiye Spider-Man, anayemwacha mwizi apite mbele yake kwa kuwa anaona kumkamata si kazi yake, na baadaye mwizi yuleyule akamuua ami yake, Ben. Hadithi nzima imesimama juu ya ukweli kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Peter Parker haamki usiku kupigana kwa sababu ana nguvu. Anaamka kwa sababu kuna siku moja ambayo hawezi kuirudisha.

Waandishi wa awali walilielewa hilo. Tazameni toleo la 121, la Juni 1973, lililoandikwa na Gerry Conway. Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, anaangushwa kutoka juu ya daraja, Peter anarusha utando unaomnasa miguuni, na kando ya shingo ya msichana yule mchoraji ameweka neno moja dogo la mlio wa kitu kinachovunjika. Ni rahisi kulipita bila kuliona, na mimi mwenyewe nililipita mara ya kwanza. Peter naye hajaliona. Anamvuta juu huku akijipongeza kwa ustadi wake, na ni baada ya kumshika mikononi ndipo anapogundua kwamba amebeba maiti, na pengine ni utando wake mwenyewe uliomuua. Huo ndio msuko unaoheshimu mhusika: jitihada yake njema kabisa ndiyo inayozaa msiba, na msiba unabaki.

Sasa linganisheni na walivyomtendea Shangazi May, mjane wa Ben aliyemlea Peter.

Katika toleo la 400, la mwaka 1995, May na Peter wanapanda hadi juu ya jengo la Empire State, na bibi yule anamweleza kijana wake kwamba amejua kwa muda mrefu kuwa yeye ndiye Spider-Man. Haikuwa siri iliyofichuliwa na adui. Ni mama mlezi aliyenyamaza miaka mingi ili asimwongezee mwanawe mzigo, na anapoona siku zake zimekwisha anautua mzigo huo kwa upole. Baadaye anafia kitandani, Peter akiwa kando yake. Nilipolisoma toleo hilo mara ya kwanza nilikuwa kwenye matatu ya kwenda Umoja, nikashuka kituo kimoja kabla ya changu ili nimalizie kulisoma nikiwa nimesimama kando ya barabara.

Mwaka 1998 tukaambiwa kwamba aliyekufa hakuwa May. Alikuwa mwigizaji aliyebadilishwa ili afanane naye. Fikirieni maana yake ndani ya hadithi yenyewe: yale maneno ya kule juu yalisemwa na mtu baki aliyekodiwa, na kwaheri ya Peter ikapewa mgeni. Hawakumrudisha May peke yake. Walikwenda nyuma wakaiharibu kurasa kwa kurasa hadithi bora waliyopata kumwandikia. Baadaye mwandishi mwingine, J. Michael Straczynski, akafanya kazi ya kusifika. May akamkuta Peter usingizini, amechubuka, vazi la Spider-Man limeraruka, na wawili hao wakakaa wakazungumza toleo zima, kila mmoja akikiri hatia aliyoibeba juu ya kifo cha Ben. Nikasamehe. Nikasema hata kama njia ilikuwa mbovu, tumefika pazuri. Basi mwaka 2007 wakalifuta hilo pia. May akasahau tena. Mwanamke mmoja ameijua siri ya mwanawe mara mbili, na mara zote mbili amenyang'anywa.

Hilo la 2007 ndilo kidonda chenyewe. Mwaka 2006 Peter alivua kinyago mbele ya kamera za habari, kwa hiari yake, akijua hatari. Adui akamtuma mdunguaji, risasi iliyokusudiwa Peter ikampata May. Mpaka hapo msuko umenyooka kama uzi: uamuzi, kisha gharama yake. Lakini badala ya kumwacha Peter akabiliane na gharama hiyo, wakamleta Mephisto, ibilisi mwenyewe, na Peter na mkewe Mary Jane wakampa ndoa yao ili May apone na siri irudi kuwa siri. Ndoa ile ilifungwa 1987. Miaka 20 ya hadithi ikageuzwa kuwa ya watu wawili ambao hawakuwahi kuoana.

Wahariri hawakuficha kwamba waliona ndoa inamzeesha shujaa wao. Sawa, hiyo ni hoja, ingawa siikubali. Wangeweza kuwatenganisha kwa ugomvi wa kweli, na tungelalamika kisha tungezoea. Walichochagua ni kumfanya mtu ambaye maisha yake yote ni somo la kubeba matokeo ya matendo yako akimbilie kwa shetani ili asiyabebe. Na May mwenyewe tunayemjua, bibi aliyewahi kuaga dunia kwa utulivu ule, asingekubali hata kwa dakika moja kwamba vijana wavunje nyumba yao ili yeye aongezewe miaka michache. Hakuna mzee mwenye utu ambaye angekubali. Hakuna aliyefikiria kumuuliza.

Najua wapo watakaosema kwamba hadithi yenye zaidi ya miaka 60, iliyopitia mikono ya waandishi wengi, haiwezi kukosa migongano. Migongano midogo siilalamikii. Peter akiwa amebaki kijana ilhali dunia imetoka kwenye redio hadi kwenye simu za mkononi, hiyo ni kanuni ya mchezo na tumeikubali. Lakini kazi ya mhariri ni kuwa kumbukumbu ya mfululizo pale mwandishi mpya anapokuja na wazo lake. Mwaka 2004 mtu alipopendekeza kwamba Gwen aliwahi kuzaa pacha na Norman Osborn, muuaji wake, ilipasa pawepo mtu wa kusema hapana. Halikusemwa, na ilipofika 2021 wakatuambia kwamba lile nalo halikuwa kweli. Sisi tuliosoma shule za hapa tulifundishwa kueleza sifa za mhusika kwa kutoa mifano kutoka kwenye matini. Leo nikiulizwa sifa nne za Peter Parker, itanibidi kwanza nimuulize mtahini anazungumzia mwaka gani.

Mpwa wangu ana miaka kumi na minne. Nilimpa lile toleo la 400 nikiwa na hamu ya kumwona akiguswa kama nilivyoguswa mimi. Alilisoma huku anakula, akafungua ukurasa wa kifo, akaufunga bila kutua kijiko. Nikamuuliza kama ameona kilichotokea. Akanijibu kwa adabu, "Nimeona, mjomba. Lakini si atarudi tu?" Sikuwa na la kumwambia. Ana haki. Wamemfundisha, toleo baada ya toleo, kwamba kuwahurumia watu hawa ni kupoteza wakati.

Na kama kweli wanataka kurudi nyuma kurekebisha jambo, liko moja wanalolikwepa. Mwaka 1996 Mary Jane alijifungua mtoto wa kike, mtoto huyo akachukuliwa na mtu wa Osborn, wazazi wakabaki na imani kwamba amekufa. Wasomaji walingoja. Mwaka 1998 Peter akaambiwa kwamba May yu hai, na kwa kuwa mtoto naye alikusudiwa jina hilo, akakimbia akiamini anakwenda kumchukua bintiye. Akamkuta shangazi yake. Katika mfululizo mwingine wa ulimwengu sambamba mtoto huyo alikuzwa hadi akawa shujaa, lakini katika huu wetu hawakumrudia. Ibilisi amepewa kurasa, mwigizaji amepewa kurasa, pacha wa uongo wamepewa kurasa. Mtoto yuko wapi?