Naomba ushauri: Datsun 240Z "iliyokimbia Safari", nitahakikishaje kabla ya kutoa hela?

MtuWaArusha
Wakuu, salaam. Kuna Datsun 240Z ya 1971 inauzwa Nairobi. Nyekundu, boneti nyeusi, usukani kulia. Mwenyewe anasema ilikimbia mbio za magari za Safari Rally "ya 1971 au 1972", enzi zile mbio zikipita Kenya, Uganda na Tanzania, na kwa ajili hiyo anataka karibu mara mbili ya bei ya 240Z ya kawaida. Alichonitumia ni logbook (kadi ya umiliki) na picha moja ya zamani, gari limejaa tope, namba ya mashindano haisomeki.

Hii ndiyo aina ya gari ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews 1973. Nalitaka kwa moyo wote. Lakini hela yenyewe ni akiba ya miaka mingi. Nikifika pale nianzie wapi?

Mzee wa Kabureta
Anzia namba ya chesisi, rangi utaiangalia baadaye. 240Z ya usukani kulia inaanza na HS30. Ya usukani kushoto, ambazo nyingi zilikwenda Marekani, inaanza na HLS30. Ukikuta S30 tupu, hiyo ni Fairlady, jina la gari hili huko Japani, ya lita 2. Namba imegongwa kwenye ukuta wa bati kati ya injini na kabini, na imerudiwa kwenye kibati ndani ya boneti. Zilingane zote mbili, halafu zilingane na logbook.

Kibati usikiamini peke yake, kinabanduliwa na kupachikwa kwingine. Ile iliyogongwa ipapase kwa kidole, uangalie bati linaloizunguka: kuna alama ya grinda? Rangi ni nene kuliko pembeni? Ukikuta HLS30 na usukani uko kulia, ujue umehamishwa.

Injini iwe L24, silinda sita, cc 2393. Namba yake iko kwenye bloku upande wa plagi, kwa nyuma, chini kidogo ya hedi. L28, injini ya 280Z iliyokuja baadaye, inakaa palepale na kwa nje wengi hawaitofautishi, kwa hiyo soma namba, usikubali kuambiwa.

DadaGereji
Mimi ni fundi bodi, nitasemea bodi. Injini za L ni ngumu, ikichoka inafufuka. Bodi ya Z ikioza ndiyo inayommaliza mtu. Angalia chini ya betri, sakafu, zile reli zinazopita chini ya sakafu, vizingiti vya milango, na nyuma pale tairi la akiba linapokaa. Toa mazulia yote, mwenye gari akikataa, ondoka. Beba sumaku ndogo uifunge kitambaa, uipitishe kwenye bodi. Inapogoma kushika, hapo kuna pati chini ya rangi. Na uulize limeishi wapi. Kama limekaa Mombasa, chumvi haikuliacha.

Nakuru254
Ndugu, mimi hiyo "1971 au 1972" ndiyo inanitia shaka. Aliye na gari la Safari anajua mwaka, dereva, msoma ramani na namba ya mlangoni. Mwulize hayo manne kwa maandishi. Safari ilikuwa inakimbia wakati wa Pasaka, na magazeti yalikuwa yanaandika washiriki na magari yao. Maktaba ya McMillan na Nyaraka za Taifa hapa Nairobi wana magazeti ya miaka hiyo. Ukipata majina, unakwenda kusoma mwenyewe.

Nyekundu na boneti nyeusi si ushahidi. Hiyo ilikuwa rangi ya timu ya Nissan, na lile lililoshinda 1971 Nissan wenyewe wamelihifadhi Japani. Tena tangu 2003 kuna Safari Classic, mbio za magari ya zamani, na 240Z zimejengwa kwa ajili yake. Gari linaweza kuwa na keji (fremu ya vyuma ya kumlinda dereva) na taa nne mbele na halikuwahi kuona mbio za miaka ya 70. Hata pasipoti ya kihistoria ya FIA, shirikisho la magari duniani, inaeleza gari limejengwa vipi tu, haithibitishi lilikimbia wapi.

Alama huwa ziko kwenye bati: mishono ya bodi iliyochomelewa upya, mabati ya kuimarisha pale shokamzoba za mbele zinaposhikia, vishikio vya keji sakafuni, na matundu kwenye dashibodi mbele ya msoma ramani, ambako walifunga Halda ya kupimia umbali. Na namba ya usajili ikiwa na herufi mwishoni, kama KAA 123A, ujue ni usajili wa mwisho wa miaka ya 80 kuja huku. Basi aoneshe wa kwanza.

ChugaBoy
Wakuu mnamtisha. Kama roho imependa, achukue, gari ni kuendesha.

Mzee wa Kabureta
Achukue, hakuna anayemkataza. Ila asilipie historia ambayo haijaoneshwa.

MtuWaArusha
Nimerudi na majibu. Chesisi ni HS30, kibati na ukutani vinalingana, bati liko safi kabisa na herufi zimekaa mstari mmoja. Nilifurahi sana. Injini ni L28, wakati logbook imeandika L24. Sakafu upande wa dereva imechomelewa kiraka, vizingiti viko vizima. Dashibodi ni ya asili, haina tundu hata moja, sakafuni hakuna alama ya keji, mishono ni ya kiwandani. Jina la dereva hana, anasema aliambiwa na aliyemuuzia.

Nakuru254
Basi umepata 240Z halali ya usukani kulia, na hizo si nyingi. Ya Safari haijathibitika. Kabla ya hela, fanya utafutaji wa rekodi NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, ujue mmiliki ni yeye na halina mkopo, na injini irekebishwe kwenye logbook gari likiwa bado kwa jina lake, si lako. Ukiichukua hivyo utakwama mpakani ukiivusha kwenda Tanzania.

DadaGereji
Na TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, wana ushuru wa uchakavu kwa magari ya zamani. Kaulize makadirio Namanga kabla hujakubaliana bei.

MtuWaArusha
Nimempa ofa ya 240Z ya kawaida, nikatoa gharama ya sakafu, na sharti kwamba logbook isahihishwe kwanza. Nimemwambia pia: akileta jina la dereva na gazeti likakubali, naongeza. Ameomba hadi Ijumaa.